Demokrasia Hufia Kwenye Muhtasari: Namna ya Kuuhuisha Mkutano Mkuu wa Kijiji

Nilipokuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji kimoja kilicho mwendo wa saa moja na nusu kwa basi kutoka Dodoma mjini, nililetewa siku moja karatasi ya mahudhurio ya mkutano mkuu ambao, kwa mujibu wa muhtasari ulioambatanishwa, ulikuwa umeridhia sehemu ya malisho yetu apewe mgeni kutoka mjini. Majina yalikuwa 112, kila moja na saini yake. Nikaanza kuyasoma: Agnesi, Amosi, Anjelina, Asha, Bahati, Chilewa, na kuendelea hivyo hadi Yohana na Zakaria. Watu hawafiki mkutanoni kwa mpangilio wa alfabeti. Wanaotangulia ni wazee, kwa sababu wanataka kivuli. Wanafuata vijana waliokuwa wamekaa dukani, kisha akina mama wawili watatu kwa pamoja kutoka kisimani, na wa mwisho ni yule ambaye nyumba yake imepakana na ofisi ya kijiji. Orodha ile ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye daftari la wakazi, na mkutano wenyewe haukuwahi kufanyika.

Sina budi kuongeza kwamba jina langu lilikuwamo, na kwamba saini iliyokuwa mbele yake ilikuwa yangu kweli. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeambiwa, “Mjumbe, saini hapa kwa ajili ya posho ya kikao,” nami nikasaini bila kusoma kichwa cha karatasi. Naandika mwongozo huu kama mtu aliyeshiriki kuubomoa mkutano mkuu kabla ya kujifunza namna ya kuujenga upya.

Kwa nini kuanzia kijijini

Anayezungumzia kudhoofika kwa demokrasia kwa kawaida hufikiria vifaru barabarani na tangazo la redio alfajiri. Mambo hayo hutokea, lakini njia iliyozoeleka zaidi ni ya karatasi. Tarehe 23 Machi 1933 Bunge la Ujerumani lilimkabidhi Hitler uwezo wa kutunga sheria bila Bunge, kwa kura 444 dhidi ya 94. Kura zilihesabiwa, muhtasari uliandikwa, na wabunge wa chama cha kikomunisti hawakuwapo kwa sababu walikuwa wamekamatwa, wamefungiwa nje au wamejificha. Kwa sura, taratibu za kikao zilikuwa zimefuatwa.

Sisi wenyewe tuna mfano wa karibu zaidi, ambao hata haukutokana na nia mbaya. Mwaka 1972, kwa sera iliyoitwa madaraka mikoani, serikali za mitaa zilifutwa, na kazi zake zikachukuliwa na watumishi walioteuliwa ambao walitarajiwa kuleta maendeleo kwa kasi zaidi kuliko madiwani. Ilichukua muongo mzima kugundua kilichopotea. Sheria za kuzirudisha zilitungwa 1982, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi. Mwalimu Nyerere alipohojiwa mwaka huohuo alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo mawili ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Kiongozi anayesema hivyo angali madarakani ni adimu, na ukiri huo ni sehemu ya historia ya kuhuisha demokrasia kama zilivyo sheria zenyewe.

Miaka ya karibuni inakumbukwa na kila msomaji. Januari 2016 matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge, yaani vikao vinavyofanyika hapahapa Dodoma, yalisitishwa kwenye televisheni ya taifa. Mwaka huohuo mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio hilo halikuondolewa hadi Januari 2023. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 24 Novemba 2019, vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa vikilalamika kwamba wagombea wao walienguliwa kwa wingi kwa hoja za ujazaji wa fomu, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Katika Uchaguzi Mkuu wa 29 Oktoba 2025 karatasi ya kura ya Rais wa Muungano haikuwa na mgombea wa Chadema wala wa ACT-Wazalendo, na siku hiyo intaneti ilizimwa. Kila msomaji ana maoni yake juu ya mambo haya. Ninachotaka kionekane ni kwamba karibu kila moja lilipitia kwenye fomu, waraka, kanuni au tangazo, na mtu asiyejua kusoma karatasi hana nafasi ya kuligundua mapema.

Mkazi wa kijijini hawezi kuiongoza Tume ya Uchaguzi, lakini anao mkutano mmoja ambao sheria imempa yeye mwenyewe. Ibara ya 8 ya Katiba ya 1977 inasema kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inalishusha tamko hilo hadi chini ya mkwaju: Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18, ndio wenye mamlaka ya juu kabisa katika sera za kijiji, ndio unaoichagua Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na ndio wenye uwezo wa kuwaondoa wajumbe hao, mmoja au wote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaongeza kwamba halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na kwamba katika kila mkutano wa kawaida inapaswa kutoa taarifa ya usimamizi wa ardhi na kuzingatia maoni ya wakazi. Si mabunge mengi duniani yanayopewa mamlaka mapana kiasi hicho juu ya serikali yao.

Dalili za mkutano unaokufa

Angalia kwanza siku. Mkutano ulioitwa siku ya mnada ni mkutano ambao aliyeuita hataki watu waje, kwa kuwa kila mwenye mbuzi wa kuuza na kila mwenye shida ya kununua mtama atakuwa mnadani. Vivyo hivyo mkutano wa Januari au Februari saa tatu asubuhi, wakati wa palizi, ambapo kaya nzima iko shambani tangu alfajiri. Sisi wa Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, na anayepanga ratiba ya mikutano bila kuutazama ama ni mgeni ama ana sababu zake.

Dalili ya pili ni kutoweka kwa “yatokanayo.” Katika mkutano ulio hai, baada ya kufungua, muhtasari uliopita husomwa kwa sauti, huthibitishwa, kisha kila azimio huulizwa limefikia wapi. Mkutano unapoanza kufa, sehemu hiyo huitwa kupoteza muda. Mwenyekiti husema, “Ndugu wananchi, jua ni kali, twende moja kwa moja kwenye ajenda,” na kwa kuwa jua ni kali kweli, watu humshukuru. Tangu siku hiyo maazimio hayana mtu wa kuyafuatilia, na baada ya mikutano miwili mitatu hakuna anayekumbuka kulikuwa na maazimio.

Ya tatu ni kura ya sauti kwa kila jambo. Bungeni hutumika pia, wanaoafiki waseme ndiyo na wasioafiki waseme siyo, kisha anayeongoza kikao hutangaza walioafiki wameshinda. Lakini wabunge wanaandikwa na kurekodiwa na wanajulikana majimbo yao. Chini ya mti, “ndiyo” ya vijana ishirini waliosimama karibu na meza husikika kuliko kimya cha wanawake themanini walioketi pembeni.

Ya nne ni mapato na matumizi kusomwa haraka, kwa jumla kubwa tatu, na mtu anayesoma akiwa ameshika karatasi karibu na uso. Ya tano, ambayo watu wengi wa pembezoni mwa jiji hawaitambui, ni kijiji kugeuka mtaa. Mji unapopanuka na ardhi ikaingizwa katika eneo la mipango miji, ile nguvu ya mkutano mkuu juu ya ardhi huondoka pamoja na jina la kijiji. Mwenyekiti anabaki, mhuri unabaki, watu wanaendelea kukutana mahali palepale, lakini uamuzi umehamia mezani kwa mkurugenzi. Wakazi wa eneo linalotazamiwa kuingizwa mjini wadai maelezo hayo kabla ya mchakato kukamilika, yawekwe kwenye muhtasari, na orodha ya wanaomiliki kwa mila iandikwe wakati bado ni kijiji.

Anza kwa kuomba muhtasari

Mtu anayetaka kuuhuisha mkutano asianze kwa hotuba, wala kwa kumwandama mwenyekiti. Aende ofisi ya kijiji siku ya kawaida, amsalimu Mtendaji wa Kijiji, ambaye ndiye katibu na ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, na aombe kusoma muhtasari wa mkutano mkuu uliopita. Aende na mwenzake mmoja, ikiwezekana mzee anayeheshimika au mama anayejulikana katika kikundi cha kuweka na kukopa, kwa sababu ombi la mtu mmoja huitwa uchochezi na ombi la watu wawili huitwa swali.

Muhtasari ukishapatikana, usiusome kama hadithi. Utazame tarehe kwanza, na uulize siku hiyo ilikuwa siku gani ya juma na kama kulikuwa na msiba, mnada au sikukuu. Tazama mahudhurio: je, mwandiko wa majina ni mmoja, kalamu ni moja, saini zinafanana mkia? Je, wamo waliohamia Manyoni mwaka juzi? Kisha tafuta maneno “wajumbe walikubaliana kwa kauli moja.” Nimehudhuria mikutano mingi ya Wagogo na ya wasio Wagogo, na sijapata kuona watu mia moja wakikubaliana kwa kauli moja juu ya kitu chochote kinachohusu ng'ombe. Penye maneno hayo uliza nani alipinga na kwa hoja gani. Mwisho, hesabu maazimio, na kando ya kila moja andika kwenye daftari lako ni nani aliyepewa kazi na hadi lini. Utakuta mengi hayana jina wala tarehe, na hapo umeshapata ajenda yako ya kwanza.

Nunua daftari kubwa lenye jalada gumu. Kuanzia sasa, kila mkutano unaohudhuria, andika muhtasari wako mwenyewe kwa mtindo uleule wa ofisi: tarehe, mahali, saa ya kufungua, aliyeongoza, idadi ya waliokuwapo kwa makadirio yako, ajenda, hoja na majina ya waliozitoa, maazimio, saa ya kufunga. Usiweke maoni yako humo hata kidogo. Daftari lenye matusi linatupwa mara moja, lakini daftari lenye tarehe na saa humtia wasiwasi kila mtu mwenye jambo la kuficha. Katika kijiji chetu daftari la namna hiyo liliwekwa na mwalimu mstaafu, na baada ya mwaka mmoja mtendaji mwenyewe alikuwa akienda kwake kuuliza kikao fulani kiliamua nini.

Siku, tangazo na kivuli

Mkutano wa kawaida unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Pendekezeni ratiba ya mwaka mzima ipitishwe mara moja na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo: mmoja baada ya mavuno, Juni au Julai, ambao uwe mkubwa na ushughulikie fedha na ardhi, mmoja Septemba au mwanzoni mwa Oktoba kabla ya kusafisha mashamba, mmoja Desemba mwanzoni, na mmoja Machi, alasiri. Tangazo litoke siku saba kabla likiwa na ajenda, maana tangazo lisilo na ajenda ni mwaliko wa kuja kushangaa. Mgambo apite vitongojini, na tangazo lisomwe kanisani na msikitini. Kundi la WhatsApp linasaidia, lakini halitoshi, kwani wenye simu za kubofya ndio wengi na ndio wenye ng'ombe.

Mahali nako kunaamua nani atasema. Wanawake wakiketi nyuma ya wanaume, kwenye jua, watasema machache. Kijiji jirani na chetu kilibadili jambo moja dogo: mikeka ilitandikwa kivulini kabla watu hawajafika, meza ya viongozi ikasogezwa ikae pembeni, na wazee wakapewa mabenchi upande wa pili. Mkutano wa kwanza wanawake wanne walizungumza; wa tatu sikuweza kuwahesabu.

Jinsi ya kuuliza bila kuvunja heshima

Adabu za kikao ni silaha ya mnyonge kuliko zilivyo silaha ya mkubwa, kwa sababu mkubwa anaweza kuzivunja na akasamehewa, ilhali mnyonge akizivunja tu hoja yake imekufa. Simama, salimu, omba ruhusa, taja kipengele cha ajenda, uliza swali moja, keti. Nakumbuka mama mmoja mwenye umri wa kama miaka hamsini alivyofanya. Alinyanyuka, akafunga kanga vizuri, akatoa salamu ya Kigogo, “Mbukwenyi.” Watu wakaitika. Kisha akasema, “Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kusomewa yatokanayo ya mkutano wa mwezi wa saba.”

“Mama, hilo tutalifikia kwenye mengineyo,” mwenyekiti akajibu.

“Sawa, mwanangu. Basi naomba katibu aandike kwamba nimeomba, na kwamba nimeambiwa nisubiri mengineyo.”

Akaketi. Hakupaza sauti, na alimwita mwenyekiti mwanangu kwa haki, maana alikuwa amecheza na mama yake. Katibu alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama mti, na baada ya kimya kirefu yatokanayo yakasomwa. Maneno “naomba iandikwe” ndiyo yenye nguvu kuliko yote katika mkutano wowote, na hayagharimu kitu. Wafundisheni vijana, badala ya kuwaacha wazomee. Mkutano ukivunjika kwa kelele, anayefaidika ni yule aliyetaka usifanyike.

Fedha: isomwe mstari kwa mstari

Hapa ndipo watu hurudi mkutanoni au hupotea moja kwa moja. Mkazi ambaye alichanga kwa ajili ya madarasa, akabeba mawe na maji ya kujengea, na baadaye hakusomewa chochote, hatakuja tena kuzungumzia sera, na sioni kwa nini tumlaumu. Daini taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe ubaoni siku kadhaa kabla ya mkutano, ili watu wafike wakiwa wameshaisoma, au wamesomewa na mtoto wa shule. Mkutanoni isomwe mstari kwa mstari. Kwa kila mstari wa mapato ulizeni stakabadhi zilianzia namba ipi na kuishia namba ipi. Vitabu vya stakabadhi vina namba zinazofuatana, na kitabu kilichorukwa ni swali lenye miguu. Kwa michango ya hiari, orodha ya waliochanga na kiasi isomwe kwa majina, jambo ambalo pia huwafurahisha waliochanga.

Kwa upande wa matumizi msiulize saruji imegharimu kiasi gani tu. Ulizeni mifuko mingapi ilipokelewa, nani alisaini kuipokea, na ilikaa stoo ya nani. Mafundi wa kijiji wanajua darasa moja linakula mifuko mingapi. Waombeni waseme hadharani. Kamati ya fedha na mipango ipo kisheria kwa kazi hii, lakini mara nyingi wajumbe wake hawajawahi kuona kitabu cha benki, na aibu hiyo huwafanya wanyamaze. Waambiwe mapema, kwa faragha na kwa upole, kwamba wataulizwa. Mtu akipewa nafasi ya kujiandaa huwa upande wenu.

Kura ihesabiwe, na wachache waandikwe

Kwa mambo ya ardhi, sheria ndogo, michango na kumwondoa kiongozi, acheni kura ya sauti. Watu wagawanyike pande mbili za mti na wahesabiwe na watu wawili, mmoja kutoka kila upande, au wapige kura kwa punje: mahindi kwa ndiyo, maharage kwa hapana, ndani ya chungu kilichowekwa nyuma ya mlango. Nchini Gambia walipiga kura kwa gololi kwa miongo mingi, na ilikuwa kwa gololi hizo kwamba Desemba 2016 walimshinda Yahya Jammeh, aliyekuwa ametawala tangu 1994. Kisha andikeni namba zote tatu: waliokubali, waliokataa, wasioegemea upande.

Namba ya walioshindwa ina kazi yake. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipozunguka nchini mwaka 1991 kukusanya maoni, walio wengi sana walitaka chama kimoja kiendelee, na takriban mtu mmoja kati ya watano ndiye aliyetaka vyama vingi. Lakini kwa kuwa wachache hao walihesabiwa na kuandikwa, Tume iliweza kusema kwamba si haki kuwapuuza, na mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ukarejea. Muhtasari ungesema “kwa kauli moja,” hoja hiyo isingepata pa kusimama.

Majirani zetu wa Malawi wanatoa mfano wa karatasi uliokamilika kuliko yote ninayoijua. Uchaguzi wa Rais wa Mei 2019 ulimpa ushindi Peter Mutharika, lakini fomu nyingi za matokeo zilikuwa zimepakwa dawa nyeupe ya kufutia, namba zikaandikwa upya juu yake. Waliolalamika walipeleka fomu zenyewe mahakamani. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano waliufuta uchaguzi huo, na katika marudio ya Juni 2020 Lazarus Chakwera akashinda. Mwaka 2025 Mutharika alirudi madarakani kwa kura, akimshinda huyohuyo Chakwera, na aliyeshindwa akakubali. Haya yote yaliwezekana kwa sababu mtu fulani kituoni alitunza nakala ya karatasi.

Mkikataliwa

Kukataliwa kutakuwapo. Mkiambiwa muhtasari haupatikani, andikeni barua kwa Mtendaji wa Kijiji, nakala kwa Mtendaji wa Kata na diwani, na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyogongwa mhuri haijawahi kuandikwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kujibu. Zihesabuni kwenye kalenda ya ukutani, na siku ya 31 mwandikieni Mkurugenzi wa halmashauri mkiambatanisha nakala ya kwanza. Penye harufu ya rushwa, TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Mara nyingi mambo huishia kwa diwani, ambaye anazihitaji kura zenu na hapendi barua yenye nakala nyingi.

Hatari nayo ipo, na si vema kuificha. Mkuu wa wilaya ana uwezo wa kisheria wa kuamuru mtu ashikiliwe hadi saa 48 kwa hoja ya usalama, na uwezo huo umewahi kulalamikiwa sana kwamba hutumika kwa watu waliouliza maswali tu. Kwa hiyo barua isainiwe na watu wengi, iwe fupi, isitaje chama chochote, na isimtuhumu mtu kwa jambo msiloweza kulionyesha. Mkikutana, kutaneni kwenye mkutano uliotangazwa, hadharani. Na jihadharini na mfadhili wa kisiasa atakayekuja na fulana mara atakaposikia kijiji chenu kimeamka. Siku mtakapozivaa, mwenyekiti atakuwa amepata jibu alilokuwa akilitafuta.

Uwezo wa kumwondoa mjumbe au halmashauri nzima upo, lakini utumieni kwa uchache. Nimeona kijiji kilichoondoa viongozi wawili katika miaka mitatu, na mwisho hakuna mtu mwenye akili aliyetaka kugombea. Viongozi waliochaguliwa 27 Novemba 2024 wanatumikia miaka mitano. Anayetaka kugombea 2029 ajifunze kujaza fomu tangu sasa: jina liandikwe vilevile kwenye kitambulisho, kwenye orodha ya wapigakura na kwenye fomu, kazi itajwe kwa neno linaloeleweka, na mtu mwingine aikague kabla haijarudishwa. Chuo cha Serikali za Mitaa kiko Hombolo, si mbali nasi, na watumishi wengi waliosomea pale hueleza kanuni hizi kwa hiari wakiulizwa kwa heshima.

Karatasi ya mahudhurio

Narudi pale nilipoanzia. Malisho yale hayakuondoka, kwa sababu wajumbe watatu tuliandika barua kukana matumizi ya saini zetu kabla kibali hakijafika wilayani. Lakini ilikuwa bahati. Tangu hapo tunafuata utaratibu huu, nanyi mnaweza kuuanza katika mkutano wenu ujao bila ruhusa ya mtu. Juu ya kila ukurasa wa mahudhurio, kabla mtu yeyote hajasaini, yaandikwe jina la mkutano, tarehe na ajenda kwa wino. Karatasi izungushwe na kijana na msichana, kila mtu ajiandike mwenyewe kwa mpangilio aliofika, na asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya shahidi. Mkutano unapofungwa, katibu apige mstari chini ya jina la mwisho, mwenyekiti aandike chini ya mstari huo idadi ya waliohudhuria kwa tarakimu na kwa maneno, asaini, na mkazi mmoja asiye kiongozi asaini pembeni yake. Kisha wenye simu janja wapige picha kila ukurasa hapohapo, kabla meza haijaondolewa kivulini.